Kosa la Kufumuliwa na Kosa la Kuachwa

Watu wasiopajua kwetu hudhani kwamba Kongo yote ni nchi ya joto. Wangelala Kolwezi usiku mmoja wa Juni au Julai, wangebadili maneno yao. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na majira ya baridi yakifika upepo wa usiku hupita chini ya mlango kama mgeni asiyepiga hodi. Siku hizo mtu hulithamini blanketi kuliko kiti cha wageni. Ndiyo maana akina mama wengi wa huku, wapatapo uzi na nafasi, hufuma. Nami nataka leo tuiangalie kazi hiyo, si kwa ajili ya uzi tu, bali kwa ajili ya swali lililomo ndani yake, ambalo lamhusu hata mtu asiyeshika sindano maisha yake yote.

Swali ni hili. Kila anayejifunza hukosea. Basi, katika makosa yake, lipi analazimika kulirudia na kulitengeneza, ijapokuwa ni kazi chungu. Na lipi ana ruhusa kuliacha lilivyo, dhamiri yake isimsute?

Kwanza tuitambue kazi yenyewe. Kufuma kwa sindano mbili ni kazi moja, na ile tunayoiita kroshe ni kazi nyingine. Katika kufuma kwa sindano mbili, vitanzi vingi hukaa wazi juu ya sindano kwa wakati mmoja. Kimoja kikiponyoka, huteremka na kuacha nafasi kama ngazi. Katika kroshe sindano ni moja, nayo ina ndoano kwenye ncha. Kitanzi kinachobaki wazi baada ya kila kishono ni kimoja tu, maana kishono hufungwa kabisa kabla ya kingine kuanza. Kwa hiyo mfumaji akigundua kosa, huondoa sindano, huvuta uzi, na kazi hurudi nyuma kishono kwa kishono mpaka pale pale alipokosea. Uzi haupotei. Kinachopotea ni saa alizokaa. Tena ni kazi ya mikono kweli kweli. Mashine za viwandani hufuma soksi na fulana kwa maelfu, lakini kroshe halisi inayouzwa madukani bado hutoka katika vidole vya watu.

Kazi za uzi na sindano zina historia ndefu katika nchi yetu ya shaba. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake zao na watoto wao, badala ya kuja peke yao kwa miezi michache na kurudi vijijini. Katika kambi hizo zilifunguliwa nyumba za mafunzo, na humo masista na mabibi wa Kizungu waliwafundisha wanawake kushona, kutia viraka na kufuma. Kolwezi yenyewe ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1930, na mafunzo ya namna hiyo yakaingia katika maisha ya kambi. Mwaka 1967 Serikali iliichukua kampuni ile, na baadaye jina likawa Gécamines. Wako waliolaumu mafunzo hayo, wakisema yalimtaka mwanamke awe mtu wa jikoni na wa sindano tu. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini mkono uliokwisha kujifunza haunyang'anywi ujuzi wake. Mama alijifunza kwa sababu aliyoipanga mwingine, naye akaitumia elimu yake kwa sababu zake mwenyewe. Siku hizi pia, tangu miaka ya 2010, Masista wa Mchungaji Mwema wanaofanya kazi Kolwezi huwapa wanawake na wasichana mafunzo ya ufundi, kushona kukiwemo, ili wapate njia nyingine ya kuishi kuliko kuosha mawe ya madini mtoni.

Tuje sasa kwa blanketi. Mwanafunzi huanza na mnyororo, kisha kishono kifupi, kisha kishono kirefu. Akivizoea hivyo vitatu, kitambaa chake hutoka kikiwa bapa, hakina bonde wala kilima. Ndipo hutamani vile vishono vinavyoinuka, ambavyo kidole huvisoma hata gizani. Hapo hugundua jambo la ajabu: karibu vyote ni kishono kirefu kile kile alichokwisha kukijua, ila kimewekwa mahali pengine. Badala ya kuingiza ndoano katika kichwa cha kishono cha mstari wa chini, huizungusha katika mguu wake. Akizungusha kutoka mbele, kishono huinuka. Akizungusha kutoka nyuma, kishono huzama. Vinne vikiinuka na vinne vikizama, kwa mistari kadhaa, kisha zamu ikageuzwa, blanketi huonekana kama kikapu kilichosukwa. Vikichanganywa na vishono vya kawaida kwa mpango mwingine, hutokea vyumba vidogo kama sega la nyuki.

Tena kuna nundu. Katika shimo moja mfumaji huanza vishono virefu vitano, havifungi hata kimoja, halafu huvifunga vyote pamoja kwa mvuto mmoja. Nundu hufumwa wakati upande wa nyuma wa kitambaa unamkabili mfumaji, nayo hutokeza upande wa pili, asikotazama. Hatajua kama imetoka vizuri mpaka amalize mstari na kukigeuza kitambaa. Vishono hivi vyote si pambo tupu. Vyumba vile hushika hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto la mwili lisitoroke. Lakini gharama ipo: vishono vya kuinuka hula uzi mwingi kuliko vya bapa.

Basi blanketi la mwanafunzi huwa kama daftari la shule. Kila ukanda una kishono chake, na ukitazama toka mwanzo hata mwisho waona mkono ukikua. Kanda za kwanza zimekazwa, maana anayejifunza hushika uzi kana kwamba utamkimbia. Kanda za mwisho zimelegea kwa kiasi kizuri. Na hapo ndipo swali letu lazaliwa.

Tuseme bibi mmoja anafuma blanketi la mjukuu atakayezaliwa Julai. Alianza Februari, naye anajifunza vishono vya kuinuka kadiri anavyokwenda. Sasa ni Juni. Amefika ukanda wa tano. Vidole vimeerevuka, na macho pia. Anageuka kutazama nyuma, anaona mambo matano. Katika ukanda wa kikapu, mraba mmoja umezama pale ulipopaswa kuinuka. Nundu moja ina vishono vinne badala ya vitano. Mahali pamoja ndoano ilipasua uzi, ikashika nusu tu, na kishono kimesimama juu ya nusu ile. Mahali pengine alipounga uzi mpya, aliacha ncha fupi mno, nayo imeanza kuponyoka. Mwisho, ukingo wa kushoto umeingia ndani, maana mara tatu alisahau kishono cha mwisho cha mstari. Uzi wa akiba hana. Wiki zilizobaki ni chache. Afanye nini?

Majirani watampa majibu mawili, na yote mawili huvaa nguo za hekima.

Jirani wa kwanza atasema: "Acha yote, mama. Nani atakagua? Mtoto hajui kuhesabu vishono. Mungu hutazama moyo." Maneno matamu! Lakini tuyachungulie vizuri. Ncha ile inayoponyoka haitazami moyo wa mtu. Blanketi litafuliwa, litavutwa, litaanikwa. Ncha itatoka, tundu litafunguka, na kidole kidogo cha mtoto kitanaswa humo usiku wakati hakuna anayeona. Uzi uliopasuliwa utakatika. Anayesema "Mungu hutazama moyo" ili asitengeneze ncha, anamtumia Mungu kama kifuniko cha chungu kisichooshwa.

Jirani wa pili atasema: "Fumua yote, uanze upya. Kazi isiyo kamili ni aibu." Haya nayo yana sura ya uadilifu. Lakini tufanye hesabu. Akifumua kanda tano ili kuutengeneza mraba mmoja wa kikapu, Julai itafika blanketi likiwa mpira wa uzi kapuni. Mtoto atazaliwa katika wiki za baridi kali, naye atafunikwa kitenge, huku bibi akitafuta ukamilifu. Ukamilifu wa nani? Mtoto hakuuomba. Ni jina la bibi tu linalolindwa.

Mnaona, wasomaji wapenzi, jinsi majibu haya mawili yanavyofanana, ingawa yanapingana. Katika jibu la kwanza mtoto anabeba uzembe wa bibi; katika la pili anabeba fahari yake. Katika yote mawili aliyesahauliwa ni mmoja: yule atakayelala chini ya blanketi.

Kwa hiyo nasema kipimo ni hiki. Usiulize kwanza, "Kosa hili ni kubwa au ni dogo?" Wala usiulize, "Litaonekana au halitaonekana?" Uliza, "Litamwangukia nani?" Kosa litakalomwangukia atakayejifunika, hilo ni deni, hata likiwa dogo kama ncha ya uzi, hata likiwa limefichika upande wa nyuma. Kosa litakalomwangukia mfumaji peke yake, yaani litamwonea haya tu mbele ya wafumaji wenzake, hilo si deni. Analo ruhusa kuliacha.

Tupime yale matano. Mraba wa kikapu uliozama: unamdhuru nani? Hakuna. Nundu ya vishono vinne: hakuna mtoto aliyewahi kushikwa na kikohozi kwa sababu nundu ilipungukiwa kishono. Yote mawili yaachwe. Uzi uliopasuka na ncha fupi: hayo ni deni, tena makosa yasiyoonekana kwa macho ya mgeni ndiyo yaliyo mabaya kuliko yote. Na ukingo ulioingia ndani? Hapa lazima tufikiri. Ukiingia kidole kimoja, ni haya ya mfumaji. Ukiendelea kuingia mpaka blanketi lisifike ubavu wa pili, ni deni.

Tena yafaa tujue kwamba kati ya kufumua na kuacha iko njia ya tatu, nayo ni kutengeneza. Ncha fupi yaweza kuungwa kwa kipande cha uzi na kushonewa ndani kwa sindano ya kawaida. Mahali palipopasuka paweza kutiwa nguvu kwa uzi mwingine kutoka nyuma. Ukingo uliopinda waweza kunyoshwa kwa kuzungushia blanketi lote pindo la mistari miwili au mitatu, na mfumaji akaongeza vishono pale palipopungua. Mara nyingi tunajitesa kwa kuwaza kwamba kutubu maana yake ni kubomoa nyumba, kumbe mwenye nyumba alitaka tu ufa uzibwe.

Walimu wa zamani waliligusa jambo hili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliuliza katika Summa yake kama muuzaji analazimika kumwambia mnunuzi kasoro ya kitu anachouza. Alijibu kwa kutofautisha. Kasoro ikiwa imefichika, na ikiwa yaweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, kuinyamazia ni dhambi. Kwa mfano nyumba inayotaka kuanguka. Lakini kasoro ikiwa wazi kwa kila mwenye macho, kama farasi mwenye jicho moja, na muuzaji akiwa amepunguza bei ipasavyo, halazimiki kuitangaza. Sheria hii yamhusu kila mama anayeuza kazi yake sokoni. Mraba uliozama uko wazi, mnunuzi anauona, bei itasema. Ncha iliyofichwa chini ya nundu haiko wazi. Ama aitengeneze, ama aiseme.

Lakini mtu aweza kunipinga akisema: "Kama ni hivyo, kwa nini kuhangaika na vishono vya kuinuka? Kama kinachodaiwa ni joto tu, blanketi bapa latosha, na uzi utabaki." Pingamizi hili ni la haki, hasa katika nchi ambayo uzi hununuliwa kwa pesa ya unga. Nalijibu hivi. Joto ni deni. Uzuri ni zawadi. Hakuna anayeweza kumshtaki bibi kwa kufuma blanketi bapa lenye joto la kutosha. Lakini bibi anayeongeza uzi na usiku wake ili mjukuu awe na kikapu na sega na nundu chini ya kiganja chake, anatoa kitu kisichodaiwa. Na zawadi haipimwi kwa mizani ya deni. Deni likipungua, mwenye haki hudai. Zawadi ikipungua, mpokeaji hushukuru kwa kilichopo. Ndiyo sababu nundu ya vishono vinne husamehewa, na ncha fupi haisamehewi. Ila zawadi isilipwe kwa fedha ya deni: anayemaliza uzi wote katika nundu, kisha blanketi lisifike miguuni, ametoa zawadi kwa kumnyima mtoto haki yake.

Mwingine atapinga kutoka upande wa pili: "Tukimwambia mwanafunzi kwamba kosa la haya laweza kuachwa, si atazoea ulegevu?" Anaweza kuzoea, kama hajui namna ya kuliacha. Kuliacha kosa si kulisahau. Bibi auone mraba ule, ajue kwa nini ulizama, na katika kanda zilizobaki usizame tena. Wahenga walisema kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mraba ulioachwa hivyo huwa mwalimu. Kesho msichana wa jirani akija kujifunza, bibi atamwekea kidole pale, amwambie, "Tazama, hapa nilizungusha kutoka nyuma." Msichana atajifunza zaidi kwa mraba ule kuliko kwa mia iliyonyooka, tena hataogopa kuanza.

Iko pia hekima ya wakati. Kosa la kroshe halikai peke yake. Kila mstari mpya hujengwa juu yake. Likionekana mwisho wa mstari, hugharimu mstari mmoja. Likionekana baada ya mistari ishirini, hugharimu ishirini. Ndiyo maana mafundi huhesabu vishono kila wageukapo, na hilo huchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengine hupunguza hatari kwa kugawa kazi. Huko Ireland, katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, masista Waursula wa Cork walikuwa miongoni mwa waliowafundisha wasichana na akina mama kroshe ili wapate chakula. Kazi ile ilifumwa vipande vipande, ua hapa, jani pale, na baadaye vikaunganishwa. Kipande kibovu kiliweza kuondolewa bila kuiharibu nguo nzima. Blanketi la miraba iliyounganishwa lina faida hiyo hiyo. Anayejua kwamba bado anajifunza, hupanga kazi yake hivi kwamba kosa lake lisimeze kazi nzima. Huo si woga, ni busara.

Sasa tuondoke kwenye uzi. Mwalimu anayeandika ubaoni kwa mwandiko mbaya ana kosa la haya. Akifundisha hesabu isiyo kweli, ana kosa la deni, maana watoto ndio watakaolibeba. Karani anayekosea heshima ndogo ya barua aona haya tu. Akiandika vibaya jina la mjane katika orodha ya malipo, mjane atakosa chakula. Muuguzi anayekunja shuka vibaya hana hatia kubwa. Anayepima dawa vibaya na kunyamaza, anayo. Na sisi wa Kolwezi tusihitaji kuhubiriwa sana juu ya makosa yasiyoonekana. Twaishi juu ya ardhi iliyochimbwa. Mwezi wa Juni 2019, mashimo yaliporomoka katika eneo la mgodi karibu na mji wetu, na wachimbaji wadogo zaidi ya 35 wakafa. Sisemi hapa neno juu ya nani alaumiwe. Nasema tu kwamba watu wa nchi hii wanajua kuliko wengine kwamba kilicho chini ndicho kinachobeba kilicho juu.

Nimewaona watu wema wakilala bila usingizi kwa ajili ya kosa ambalo halikumdhuru yeyote ila fahari yao, na siku ile ile wakapita mbele ya deni la kweli bila kugeuza shingo. Wanakumbuka miaka kumi kwamba walikosea neno mbele ya watu harusini. Hawakumbuki ujira wa kibarua waliouchelewesha. Dhamiri yao si kwamba imekufa. Inafanya kazi, lakini inahesabu mahali pasipo pake. Dhamiri nayo hujifunza, kama mkono. Mwanzoni huona lile linaloinuka mbele ya macho ya watu. Ikikomaa, huigeuza kazi, huchungulia upande wa nyuma, hupapasa ncha moja moja na kuuliza: hii ikiponyoka, nani atasikia baridi?

Basi, ndugu zangu, kila mmoja aichukue kazi yake na kuigeuza. Akuta ncha iliyolegea, aishone leo kabla baridi haijaingia. Akuta mraba uliozama, aujue, acheke kidogo, na kuendelea na mstari unaofuata.